UZI: Feri ya magari na abiria inavyofanya kazi, na anachopaswa kujua dereva anayetoka Nairobi

Karani_wa_Malori (Industrial Area)

Wadau, salaam. Tunaandika mwongozo wa madereva wanaopakia mzigo hapa Nairobi kupeleka Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga (ile ya Kwale, si barabara yetu ya hapa). Malori makubwa yanazungukia barabara ya Dongo Kundu. Kanta (malori madogo) na pikapu bado zinavuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, na madereva wengi wa bara wanaijua feri kama foleni tu. Naomba wenye ujuzi waeleze: gari lipandeje, likae vipi, kwa nini feri hukwama au huzima, na nini huipindua. Bei za tiketi tuziache, zinabadilika.

Serahangi

Karibu dada. Nianze na rampu, yaani mteremko wa kupandia feri, maana ndipo mengi huharibikia.

Feri za Likoni zina miisho miwili. Haigeuki, dereva anaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Kila mwisho una ulimi wa chuma unaoshushwa juu ya zege la nchi kavu. Feri haifungwi kwa kamba wakati wa kupakia. Nahodha anaisukuma kwa injini iendelee kukandamiza zege, na kama mkondo ni mkali anaisukuma pia kwa pembeni isiteleze. Kwa hiyo unapopanda, chombo kinasogea kidogo chini yako. Hiyo ndiyo sababu dereva hapaswi kupanda mpaka baharia amwite kwa mkono, hata kama ulimi unaonekana umelala sawasawa.

Panda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, bila kusimama juu ya ulimi. Mahali pabaya pa kusimama ni pale bawaba zilipo, magurudumu ya mbele yakiwa kwenye sitaha na ya nyuma bado kwenye zege. Feri ikirudi nyuma nusu mita, gari ndilo linalovutwa. Kanta yenye bodi ndefu nyuma ya ekseli hukwaruza mkia hapo. Maji yakiwa chini, mteremko huwa mkali na pembe ya kukutana na ulimi huongezeka, basi panda moja kwa moja, usikate kona.

Ukishafika mahali ulipoonyeshwa: breki ya mkono ivutwe hadi mwisho, injini izimwe, gari la gia za mkono libaki gia ya kwanza au ya kurudi nyuma, la otomatiki liwe kwenye P. Weka kabari, moja mbele ya gurudumu na moja nyuma yake. Abiria washuke. Vioo vya dereva viachwe wazi.

DerevaWaThika_Road

Mkuu, hapo kwenye kuzima injini. Safari ya kuvuka ni dakika chache tu, na joto la Mombasa mnalijua. Nikiacha injini ikiunguruma gari likiwa neutral na mguu kwenye breki, kuna ubaya gani?

Serahangi

Ubaya upo, ndugu yangu. Breki ya mguu inategemea mguu. Feri inapogusa zege upande wa pili kuna mtikiso, na mtu akishtuka mguu huteleza. Gari la otomatiki ambalo dereva amelisahau kwenye D linasukuma mbele muda wote. Neutral nayo haishiki chochote. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni, mama na mtoto wake wakafa. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58. Kwa heshima yao, hii ya injini tusiifanyie mjadala. Zima, vuta breki, shuka.

Hesabu_za_Maji

Mzee Serahangi amesema ya juu ya sitaha. Acha niende chini yake, kwa sababu Karani ameuliza nini huipindua feri. Nitatumia feri ya mfano, si chombo chochote kilichopo, ili tarakimu zieleweke.

Chukua feri ndogo ya urefu wa mita 25 na upana wa mita 7, uzito wake na vyote vilivyomo tani 150. Ukingo wa sitaha uko sentimita 60 juu ya maji. Kipimo cha uimara ambacho mabaharia hukiita GM ni mita 2.5, yaani feri ina nguvu nzuri ya kujirudisha wima. Ina abiria 300. Kwa kilo 70 kila mmoja ni tani 21.

Sasa abiria wote wakimbilie upande mmoja, tuseme wasogee wastani wa mita 2.5. Tani 21 mara mita 2.5 ni 52.5. Gawanya kwa tani 150 mara mita 2.5, yaani 375. Unapata 0.14, ambayo ni mlalo wa nyuzi 8. Nusu ya upana ni mita 3.5, kwa hiyo ukingo unashuka sentimita 49. Umebaki na sentimita 11 kabla maji hayajapanda. Inatisha, lakini chombo kinarudi.

Ongeza watu 100 tu. Uzito wa tani 7 unaizamisha feri hiyo sentimita 4, ukingo sasa uko sentimita 56. Watu wale wamesimama juu, hivyo GM inapungua, tuseme 2.4. Wote wakikimbilia upande mmoja: tani 28 mara 2.5 ni 70. Gawanya kwa 157 mara 2.4. Jibu ni 0.186, mlalo wa zaidi kidogo ya nyuzi 10. Ukingo unashuka sentimita 65. Sitaha imeshaingia majini. Hapo hesabu hii inakoma kufanya kazi, kwa sababu ukingo ukizama upana unaoibeba feri unapungua ghafla, na kila nyuzi inayofuata ni rahisi kuliko iliyotangulia.

Ndiyo maana nasema idadi iliyoandikwa ubavuni mwa feri si pendekezo. Tofauti ya kurudi na kutorudi inaweza kuwa watu mia moja na hofu moja. Feri ya Mtongwe iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 karibu mno na nchi kavu ilikuwa na watu zaidi ya uwezo wake, na waliokufa ni 272.

Karani_wa_Malori

Mwalimu, asante sana. Na feri kubwa, zile pana? Bado watu wakihamia upande mmoja ni hatari hivyo?

Hesabu_za_Maji

Upana huokoa sana, dada yangu. Feri ya mita 60 kwa 14 haitikisiki kirahisi kwa watu kuhama. Lori la tani 26 likiwekwa katikati huizamisha kama sentimita 3 tu. Likiwekwa mwishoni kabisa, mita 25 kutoka katikati, mwisho huo unashuka kama sentimita 10. Ukipakia malori matatu mwisho uleule kabla ya kusogeza mengine, ulimi unashuka na feri inaweza kukalia zege. Hapo nahodha hawezi kurudi nyuma mpaka maji yajae au lori lishuke. Kwa hiyo ukiona baharia anapeleka lori katikati na saluni pembeni, hapangi kwa kupendelea mtu.

Adui wa feri pana ni maji ndani, si watu. Turudi kwenye ile feri yetu ndogo ya tani 150. Chumba chini ya sitaha kina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, kimeingia maji kidogo yanayotembea. Urefu mara upana mara upana mara upana, gawanya kwa 12: ni 144. Zidisha kwa uzito wa maji chumvi, 1.025, gawanya kwa 150. Umepoteza karibu mita 1 ya GM. Ulikuwa na 2.5, sasa una 1.5. Weka ukuta mmoja wa chuma katikati ya chumba hicho kutoka mbele hadi nyuma: hasara inashuka hadi sentimita 25, robo ya ile ya kwanza. Upana ndio unaoadhibu, si ujazo wa maji.

Kwenye sitaha ya magari, ambayo haina kuta, ni balaa zaidi. Feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakatapakaa sitahani, ikalala kwa dakika chache. Watu 193 walikufa. Feri ya Al Salam Boccaccio 98 ilizama Bahari ya Shamu mwaka 2006 kwa maji ya kuzimia moto, yaliyojaa sitahani kwa sababu hayakuwa na njia ya kutoka. Matundu ya kutolea maji pembeni mwa sitaha yanapoziba kwa chupa na matambara, hilo ndilo linalosubiriwa. Baharia anayefagia matundu hayo kila asubuhi anafanya kazi ya uokoaji.

Fundi_wa_Grogan

Nawaongezea upande wa injini, maana hapa mjini tunahesabu kilomita na huko wanahesabu saa.

Feri inayofanya kazi saa 18 kwa siku inafikisha saa 250, muda wa kawaida wa kubadilisha oili kwa injini nyingi za dizeli za ukubwa huo, chini ya siku 14. Kwa mwaka ni saa 6,570. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa lingekuwa limetembea kilomita 262,800. Kwa mwaka mmoja, wadau. Na injini haipumziki hata feri ikiwa imegusa nchi, kwa sababu, kama alivyosema mzee, inasukuma zege.

Kinachoizima feri katikati mara nyingi ni kimoja kati ya vitu vitatu: maji ya kupoza, dizeli chafu, au kitu kilichojifunga kwenye rafadha (panga linalosukuma chombo).

Maji ya kupoza huvutwa kupitia tundu chini ya mwili wa feri, yanapita kwenye kichujio cha kikapu, halafu pampu yenye gurudumu la mpira. Mfuko wa plastiki mmoja ukilala kwenye tundu, mshale wa kipimo cha joto unapanda. Dalili ya kwanza huonekana nje: maji yanayotoka kwenye bomba la moshi au ubavuni yanapungua, halafu mvuke. Fundi anafunga vali ya kuingizia maji, anafungua kikapu, anakisafisha, anarudisha na kufungua vali tena. Kama feri ina vikapu viwili vilivyounganishwa, anahamisha mpini bila kuzima injini. Ule mpira wa pampu ukikauka kwa dakika chache unakatika mabawa, na vipande huenda kuziba vijibomba vya kibadilisha joto. Kwa hiyo ukibadilisha mpira, hesabu mabawa yaliyokatika na utafute kila kipande. Wengi husahau hilo, injini inachemka tena kesho yake na wanalaumu pampu mpya.

Dizeli: maji hukaa chini ya tangi kwa sababu ya unyevu wa pwani, na vijidudu huota kwenye mpaka wa maji na dizeli, vinatengeneza utandu mweusi. Kila asubuhi fungua kizibo cha chini, toa hadi itoke dizeli safi, uitazame kwenye chupa angavu. Jambo kubwa zaidi: injini zote zisinywe kutoka tangi moja. Zikinywa kutoka tangi moja, uchafu uleule huzizima zote ndani ya dakika moja, na hapo kuwa na injini nne hakukusaidii kitu.

Rafadha: feri nyingi za aina hii hazina usukani wa nyuma. Rafadha yenyewe huzungushwa kuelekea kokote, nyuzi 360, kwa gia zilizo ndani ya oili chini ya maji. Kamba au wavu ukijizungusha kwenye shafti unakata sili (mpira unaozuia maji), maji yanaingia kwenye oili. Chukua sampuli: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, sili imeshakwenda. Usiongeze oili uendelee na kazi. Beringi za gia hizo zikila kutu, kuzipata na kuzifunga ni kazi ya wiki nyingi.

MwanaWaMbita

Kaka Fundi, kwa sisi wa ziwani ongeza magugu-maji. Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, yakishika, kikapu kinasafishwa kila safari na si kila siku. Nahodha anayejua hapiti katikati ya shamba la magugu kwa kasi. Anapunguza, anarudisha rafadha nyuma kidogo zijifungue, kisha anatafuta mwanya.

Jingine: vipande vya chuma laini vinavyofungwa kwenye mwili wa chombo ili vilike badala yake. Zinki inafaa maji chumvi. Kwenye maji baridi ya ziwa zinki hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi, mwili wa feri ndio unaolika. Ziwani funga vya magnesiamu. Na vipande hivyo visipakwe rangi kamwe! Ukivikuta baada ya mwaka viko vizima kama vipya, usifurahi, kagua unganisho lake.

Serahangi

Amesema kweli. Niongeze upande wa haidroliki za ulimi, kisha maji kujaa na kupwa.

Ulimi huinuliwa na mitungi ya haidroliki, feri nyingine kwa waya au mnyororo. Bomba la mpira likipasuka, ulimi unaanguka, au unabaki juu na magari yamefungiwa ndani. Mabomba yabadilishwe kwa ratiba, yasisubiri kupasuka. Dalili ni malengelenge kwenye mpira, unyevu wa oili kwenye kichwa cha bomba, au ulimi kushuka polepole wenyewe ukiwa umefungwa. Pini za bawaba zipakwe grisi kila siku kwa sababu huoga chumvi kila safari. Na pini ya kufuli ya chuma iingizwe kabla feri haijaondoka. Oili pekee isiachiwe kazi ya kushika mlango wenye watu nyuma yake.

Bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) Mombasa hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3, kama saa sita kujaa na saa sita kupwa. Zege lenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 8 linafunuliwa mita 24 maji yakipwa. Sehemu hiyo ina utando wa kijani unaoteleza kama sabuni. Hapo ndipo mikokoteni huponyoka. Mkokoteni wenye magunia manne ya kilo 90 una kilo 360 kabla ya kuupima wenyewe, na mtu mmoja hawezi kuuzuia kwenye mteremko. Dereva aache urefu wa gari zima nyuma ya mkokoteni wowote unaopanda.

Mkisubiri muda mrefu na feri imesimama bila kuvuka, tazameni upande wa bahari. Meli zote za bandari ya Kilindini hupita mlango huohuo ambao feri zinaukata. Meli ya makontena haiwezi kukwepa wala kusimama pale. Feri ndiyo inayosubiri.

Mama_Usalama

Serahangi, shikamoo. Feri ikizima injini zote katikati, nanga haiishikilii?

Serahangi

Marahaba mwanangu. Nanga hushika vizuri amari (mnyororo wake) ikiwa na urefu wa mara tatu hadi tano ya kina. Kina cha mita 50 na zaidi kinataka mita 150 za mnyororo kwa uchache, na feri fupi ya kivuko huwa haibebi kiasi hicho. Nanga inashika zaidi chombo kikisogea kwenye maji ya kina kidogo. Kwenye mkondo wa kati, msaada wa kweli ni tagi (boti ya kuvuta meli) au feri ya pili kuja ubavuni. Kwa hiyo nahodha huita kwenye redio mara injini ya kwanza inapolegea, hasubiri ya mwisho izime.

Abiria wafanye nini? Wakae walipo. Mmeona hesabu za mwalimu: feri iliyozima bado inaelea, ila watu wakikimbilia ukingo mmoja kuangalia, wao ndio wanakuwa hatari. Wavae maboya, wafunge kamba zote mbili kiunoni, wasirudi kwenye magari kuchukua mizigo.

Fundi_wa_Grogan

Dada Karani, kwa mwongozo wenu weka pia mitungi ya gesi na petroli ya madebe. Waambiwe wahudumu kabla ya kupanda, isifunikwe chini ya turubai. Pikipiki za umeme zilizopakiwa kwenye kanta zikatwe betri na zisimame bila kugusana.

Mama_Usalama

Na ukaguzi? Feri hutolewa majini lini?

MwanaWaMbita

Huingizwa gudi, sisi ziwani tunasema chelezo. Kenya, Mamlaka ya Bahari ya Kenya ndiyo inayokagua na kutoa vyeti vya usalama. Ikiwa juu, mwili huoshwa kwa maji ya nguvu, kome na viumbe vingine vilivyoganda hukwanguliwa, kisha unene wa bati hupimwa kwa kifaa cha sauti, sehemu kwa sehemu, hasa kwenye mstari wa maji na chini ya ulimi ambapo feri hugonga zege. Bati la milimita 8 likibaki 6 limepoteza robo, hilo hukatwa na kuwekwa jipya. Kubandika kiraka juu ya bati bovu hakukubaliki kama tengenezo la kudumu, kwa sababu kutu huendelea katikati ya mabati mawili ambako hakuna jicho linalofika.

Feri moja ikiwa gudi, zilizobaki hubeba kazi yake na saa zao za injini hupanda. Ndipo wasimamizi wanaposhawishika kuahirisha ya pili. Hapo ndipo pa kusimama imara.

Karani_wa_Malori

Nimenakili yote. Swali la mwisho: kabari za magari yetu ziwe na kipimo gani? Tulizonazo ni mawe ya kando ya barabara.

Serahangi

Mawe yaacheni, hukwaruza sitaha na kubingirika. Urefu wa kabari kwenda juu uwe robo ya kimo cha gurudumu. Gurudumu la kanta la sentimita 76 linataka kabari ya sentimita 19. Upana usipungue wa tairi. Uso unaogusa tairi ukatwe kwa nyuzi 45, na chini ubandikwe mpira wa tairi kuukuu ili isiteleze kwenye chuma chenye maji. Mbao ngumu mnapata Gikomba, msichukue saiprasi, hupasuka. Nne kwa kila gari, zipakwe rangi ya manjano. Toboa tundu ubavuni upitishe kamba ya mita moja, tanboi aivute akiwa amesimama kando, asiingize mkono chini ya gari.